Maswali na majibu: Viumbe wa chini ya mawe ya mto

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wasomaji wa milimani, na yote yanahusu vijito.

Nikigeuza jiwe kijitoni nakuta vidudu bapa vyenye mikia mitatu. Ni mabuu ya mbu? (Msomaji, Lushoto)

Si ya mbu; ni ya mdudu aitwaye kwa Kiingereza mayfly. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, na hawa wanataka maji yanayokwenda. Mweke mmoja kwenye kisahani cheupe chenye maji, umtazame kwa utulivu: ubavuni mwa tumbo utaona vijani vyembamba vinavyopepea bila kukoma. Hayo ni matamvua, ndiyo anayopumulia. Anaishi kwa kukwangua ukijani kwenye mawe, kisha huota mabawa, hutaga na kufa, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Hang'ati wala haambukizi ugonjwa.

Kumkuta ni habari njema, maana maji yakichafuka yeye ni wa mwanzo kupotea. Tanzania ina kipimo cha afya ya mito kiitwacho TARISS, kilichochapishwa 2015, ambacho hutoa alama kwa kutazama ni wadudu gani waliomo. Wanaostahimili uchafu, kama vile minyoo ya matopeni, wana alama ndogo. Mrudishe chini ya jiwe lake.

Nalima mboga mpaka ukingoni kwa sababu kuna unyevu hata kiangazi. Mchicha wangu unawadhuru vipi wadudu? (Msomaji, Mgeta)

Mchicha hauna kosa, shida ni udongo uliotifuliwa. Mvua kubwa ikinyesha, udongo huo unaingia mtoni na kuziba nafasi zilizo kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba za viumbe hawa. Shika jiwe la mtoni ulinyanyue. Likikubali kirahisi na chini yake kuna maji safi, pana uhai. Likiwa limeganda kwenye tope, wengi wameshahama au wamekufa.

Halafu kuna dawa za kuua wadudu wa shambani. Dawa haichagui mdudu wa kabichi na wa mtoni, kwa hiyo kuosha bomba la kupulizia kijitoni ni kumwaga sumu moja kwa moja. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu kuliepuka hakugharimu kitu.

Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazoweza kudhuru mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Najua kwa mwenye robo eka mita hizo zinameza shamba zima, lakini sheria ndiyo hiyo. Anza sasa kuachia ukingo nyasi na mikuyu. Kivuli hupoza maji, na majani yanayodondoka ni chakula cha kaa na wadudu. Mikaratusi usipande hapo: majani yake ni magumu na yana mafuta, hayaliki kirahisi.

Wazee wetu walivua kwa utupa. Si ni mmea wa asili tu? (Msomaji, Muheza)

Ni wa asili, na ni sumu. Utupa ukitwangwa hutoa rotenoni, inayozuia mwili kutumia oksijeni. Huingia kupitia matamvua, kwa hiyo inaua samaki, vifaranga vyao na mabuu ya wadudu kwa pamoja. Wanaotumia dawa ya kuogeshea mifugo wanafanya baya zaidi, tena kwenye maji ambayo walio chini wanayanywa. Kuvua kwa sumu ni kosa kisheria.

Wadudu wakiisha, si watarudi wenyewe? (Msomaji, Korogwe)

Wengi hurudi, ikiwa sehemu ya juu ya kijito bado ina msitu. Wengine huletwa na mkondo, wengine huruka kutoka kijito cha jirani. Lakini yuko kereng'ende mwembamba, *Amanipodagrion gilliesi*, ambaye duniani kote anajulikana Usambara Mashariki pekee, kwenye vijito vya msituni eneo la Amani. Akitoweka pale, hakuna jirani wa kumleta. Ndiyo maana uchimbaji dhahabu ulioibuka kwenye milima hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wakifukua hadi ndani ya vijito, ulikuwa hatari kubwa. Maji ya huko hushuka Mto Zigi, unaonywesha jiji la Tanga.

Hatuna bomba nyumbani. Tufulie wapi? (Msomaji, Same)

Choteni maji kwa ndoo, mfulie mbali na ukingo, na povu mlimwage kwenye nyasi, udongo uchuje.