Maswali na Majibu: Ziwa Victoria si lile lile kila mahali

Swali (Masese, Jinja): Shemeji yangu anavua Kalangala, analeta sangara wakubwa. Nyavu zetu ni sawa, lakini mimi naambulia sato na vitoto vya sangara. Nakosea wapi?

Jibu: Hukosei, ndugu yangu, maji yenu ndiyo tofauti. Ghuba ya Napoleon, hapo Jinja mnapovua, ina kina kifupi na imezungukwa na nchi kavu. Humo sato huchimba viota mchangani, na jike hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Sangara wachanga nao hujilisha humo humo, kisha wakikua hutoka kwenda maji makuu. Shemeji yako yuko katikati ya visiwa 84 vya Ssese, kwa hiyo akipiga injini kidogo tu amefika kwenye kina.

Ushauri wangu: shikamana na sato kwa wavu wenye matundu ya inchi 5, na kokoro, yaani wavu wa kukokotwa, usiliguse kabisa. Linafagia viota pamoja na kila kilichomo. Sangara asiyefika sentimita 50 hajaruhusiwa kisheria, na wavu wake ni inchi 7. Naumia sana nikikuta ndoo mwaloni imejaa sangara wa urefu wa kiganja, kwa sababu hao ndio shemeji yako angewavua baadaye.

Swali (Majanji, Busia): Kwa nini wavuvi wa mukene (dagaa) hupumzika mwezi ukiwa mpevu?

Jibu: Mukene hufuata taa. Usiku wa giza taa huwakusanya pamoja, lakini mbalamwezi ikiwaka hutawanyika na mafuta yanateketea bure.

Swali (Ggaba): Mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wakiwa wamekufa. Ilikuwa sumu?

Jibu: Serikali ya Uganda ilisema ni upungufu wa oksijeni, nami naona maelezo hayo yanalingana na tabia ya ziwa hili. Kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, maji ya joto hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika, na ya chini huishiwa hewa. Dhoruba ikiyavuruga ghafla, maji hayo mabaya hupanda. Sangara huhitaji oksijeni nyingi kuliko sato, ndiyo maana hutangulia kufa.

Wavuvi wa maji makuu wazingatie jambo hili. Juni hadi Agosti upepo wa kusi hulichanganya ziwa na samaki huweza kushuka hadi chini. Wavu uliotegwa chini kabisa miezi hiyo huleta samaki, lakini Januari, kwenye kina kile kile, unaweza kutoka mtupu.

Swali (Kasensero): Kamongo nimtafute wapi?

Jibu: Kamongo, yule samaki mwenye mapafu, yuko kwenye mafunjo, mzee wangu, si huko mbali. Yeye huja juu kuvuta hewa, hivyo huishi hata kwenye maji yenye oksijeni kidogo ambayo sangara hayawezi. Tumia ndoano yenye chambo, na unapomtoa chunga vidole, anauma vibaya.