Kikundi cha Utafiti Chuoni: Wapi Uamuru, Wapi Uulize

Ukichaguliwa kiongozi wa kikundi cha utafiti chuoni, jua kwamba huna mshahara wa kumkata mtu wala barua ya onyo ya kumwandikia. Wenzako wakikuchoka hawagombani nawe, wanaacha tu kujibu kwenye grupu la WhatsApp.

Kikundi chetu kilichunguza nyanya zinazoharibikia sokoni Morogoro kabla hazijamfikia mlaji. Nilichokiona ni kwamba ugomvi mwingi huzuka pale kiongozi anapoamuru mahali pa kuuliza, na kuuliza mahali pa kuamuru.

Swali la utafiti ni la wote. Sisi tulibishana jioni kadhaa: huyu anataka bei, yule anataka safari ya mzigo kutoka mashambani Mgeta, mwingine anataka jambo jepesi tumalize. Acha wabishane. Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vikundi vya wavulana wa miaka 10 huko Iowa, Marekani, waliokuwa wakitengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Waliotawaliwa kwa amri walichapa kazi kiongozi akiwepo. Akitoka chumbani, mikono inalegea. Walioshirikishwa waliendelea. Sasa fikiria soko saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja wenu yuko kwenye kizimba chake na dodoso mkononi. Utasimama nyuma ya nani?

Kwenye vipimo, kuwa dikteta, wala usione haya. Nyanya huuzwa kwa tenga, kwa ndoo, kwa kopo la sado. Matenga yenyewe hayalingani, na likijazwa lumbesa, yaani kupita mdomo wake, ndiyo kabisa. Kila mhojaji akiandika kipimo alichokisikia, mtarudi na takwimu ambazo hakuna awezaye kuzijumlisha. Kwetu kila kitu kilipanda mizani, tukaandika kilo tu, na dodoso likajazwa mbele ya mhojiwa, si hosteli usiku kwa kukumbuka. Hilo halikupigiwa kura. Aliyelalamika nilimweleza sababu, ila sikumpa hiari. Ridhaa ya mhojiwa nayo ni hivyohivyo: mfanyabiashara akisema hataki, mnamshukuru na kusogea.

Kuna pia mahali pa kukaa kando kabisa. Mama yake mwenzetu mmoja anauza nyanya, na binti huyo alijua kwamba shehena inapoteremshwa humsemeshi mtu, unasubiri. Alijua nani aamkiwe kwanza. Sokoni yeye ndiye aliyekuwa kiongozi, mimi nikabeba mizani. Cheo changu kilibaki kwa msimamizi na kwenye barua za utambulisho, maana hizo lazima ziwe na mtu mmoja wa kuzifuatilia, kutoka halmashauri hadi kwa mtendaji wa kata. Zianzeni kabla hata dodoso halijakamilika.

Na yule anayetaka jina lake tu liwemo? Kumsema mbele ya wenzake hakusaidii. Mwanzoni kabisa andikeni karatasi moja: nani anaandika sura ipi, nani anaingiza takwimu, lini. Wote wasaini, nakala apewe msimamizi. Asiyeleta sehemu yake ataulizwa na msimamizi, na wewe utabaki rafiki yake.