NOT IN inaponyima majibu

ULIZO: Ndugu wahariri, ninatunza hifadhidata ya depo moja ya simenti hapa Kadutu. Nilitaka majina ya wateja ambao hawajanunua hata mara moja, nikaandika kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata:

SELECT jina FROM wateja WHERE id NOT IN (SELECT mteja_id FROM mauzo);

Najua wapo, tena wengi, lakini hatoki hata mmoja, wala hakuna ujumbe wa kosa. Swali la ndani, lile la kwenye mabano, nikiliendesha peke yake, linaleta namba vizuri. Shida iko wapi?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Ndugu msomaji, endesha kwanza hili:

SELECT COUNT(*) FROM mauzo WHERE mteja_id IS NULL;

Ukipata hata 1, yaani kuna mauzo ambayo mteja_id yake ni tupu (NULL), umemkamata mchawi. Depo huuzia pia wapita njia wanaolipa taslimu, na mauzo ya namna hiyo mara nyingi huingizwa bila namba ya mteja.

Tuseme swali la ndani limetoa 3, 5 na NULL, na sasa anapimwa mteja 7. Je, 7 si 3? Kweli. 7 si 5? Kweli. 7 si NULL? Haijulikani, kwa sababu NULL ni thamani isiyofahamika. Huenda nayo ni 7. NOT IN hudai majibu yote yawe kweli, na WHERE haipitishi "haijulikani". Basi kila mteja anakwama palepale. IN ya kawaida haikusumbui hivyo, kwani yenyewe hutosheka na namba moja inayolingana.

Andika hivi:

SELECT w.jina FROM wateja w WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM mauzo m WHERE m.mteja_id = w.id);

NOT EXISTS huangalia tu kama kuna mstari uliopatikana, na NULL hailingani na namba yoyote. Kuongeza IS NOT NULL ndani ya swali lako la kwanza kungesaidia pia, ila siku utakayosahau, orodha itakuwa tupu tena. Jedwali la mauzo likiwa kubwa, weka faharasa (index) kwenye mteja_id ili utafutaji uwe wa haraka.

Na zile herufi w. na m., zinazoonyesha safu ni ya jedwali lipi, usiziache kamwe. Jina la safu lisipopatikana kwenye jedwali la ndani, SQL hulichukua la nje kimyakimya. Tazama hatari hii, ikiwa jedwali la madeni halina safu ya id:

DELETE FROM wateja WHERE id IN (SELECT id FROM madeni);

Hapo id zote mbili ni za wateja. Madeni yakiwa na mstari mmoja tu, wateja wote wanafutwa. Ungeandika SELECT d.id FROM madeni d, ingekataa papo hapo kwamba safu hiyo haipo.