Shule ya mwanao Marekani imepanda kweli? Soma matokeo hivi

Matokeo ya mitihani ya jimbo yakitoka, wazazi wengi hukimbilia tarakimu moja: asilimia ya wanafunzi waliofikia kiwango. Hiyo peke yake haitoshi. Darasa la tatu la mwaka huu si watoto wale wa mwaka jana. Ufaulu ukitoka asilimia 40 hadi 50 katika darasa la watoto 20, tofauti yote ni watoto wawili.

Wafuate watoto walewale. Sheria ya elimu ya nchi nzima iitwayo ESSA, ya mwaka 2015, inataka kusoma na hisabati vipimwe kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja sekondari ya juu. Kwa hiyo walinganishe wa darasa la tatu mwaka jana na wa la nne mwaka huu. Afadhali zaidi, tafuta kipimo cha ukuaji. Majimbo mengi humlinganisha mtoto na wenzake wa jimbo zima walioanza na alama kama zake, na 50 ndiyo katikati. Shule yenye ufaulu wa asilimia 35 na ukuaji wa 62 inafundisha. Yenye ufaulu wa 80 na ukuaji wa 38 inaishi kwa yale watoto waliyokuja nayo kutoka nyumbani, na sisi tungeichagua ile ya kwanza bila kusita.

Kisha angalia nani amehesabiwa. Sheria inataka angalau asilimia 95 ya wanafunzi wafanye mtihani, katika shule nzima na katika kila kundi, kama vile wanaojifunza Kiingereza au wenye ulemavu. Matokeo ya kundi dogo mno hayachapishwi, na kila jimbo hujipangia idadi ya chini. Mtoto aliyefika juzi kutoka Kongo au Burundi anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma mara moja katika mwaka wake wa kwanza, lakini hisabati ataifanya. Yeye mtazamie mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Akikwama ngazi moja miaka miwili, usisubiri wa tatu.

Hakikisha pia rula, yaani mtihani wenyewe, haijabadilika. Majira ya kuchipua ya 2020 mitihani ilifutwa nchi nzima, na Texas iliusuka upya mtihani wake wa STAAR mwaka 2023.

Mwisho, muulize mwalimu mkuu nani anapewa masomo ya ziada. Asilimia ya ufaulu ikitawala, ni rahisi kuwakazania watoto waliobakiza alama chache kuvuka mstari, na walio chini kabisa wakaachwa. Kama Kiingereza chako hakitoshi kwa mazungumzo hayo, omba mkalimani mapema. Shule ya umma inawajibika kisheria kumleta bila malipo, na asiwe mwanao.