Jibu: Baisani wa ranchi au wa porini?
Habari ndugu. Umeuliza kama kulipia baisani (nyati wa Amerika Kaskazini) wa ranchi ni uwindaji wa haki, na kwa nini wa porini anaonekana nafuu.

Anza na uzio. Uliza ranchi ina ekari ngapi na mnyama aliachiwa humo lini. Kama amezoea kulifuata gari la malisho, hapo unanunua nyama. Si vibaya, ila usiite kuwinda. Uliza pia nani analipa mnyama akijeruhiwa na kupotea.

Kwa wa porini, mfano ni kundi la milima ya Henry Mountains, jimbo la Utah, Marekani: limetokana na wanyama walioletwa kutoka hifadhi ya Yellowstone mwaka 1941, na liko huru. Kibali ni kwa droo, mara moja maishani. Anaonekana nafuu, ila gharama iko kwenye kumtoa porini akishauawa: dume hufika kilo 900. Manyoya hufungia joto, kwa hiyo chuna papo hapo, pasua paja hadi mfupa wa nyonga. Nyama huanza kuharibika hapo kwenye mfupa. Farasi wa kubebea wakodishwe mapema.