Jibu: Sauti ndiyo ya kuogopwa
Mkuu, umeuliza kama video za akili mnemba ndizo hatari zaidi wakati wa uchaguzi. Mimi naogopa zaidi sauti za kughushi. Kwenye video, vidole na midomo huweza kumuumbua mghushi. Sauti ya simu ina mikwaruzo hata ikiwa halali, hivyo ni vigumu kuigundua ya kughushi. Januari 2024, wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti kama ya Joe Biden ikiwaambia wasipige kura ya mchujo. Slovakia 2023, sauti ya kughushi ya Michal Šimečka, kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia, ilisambaa siku mbili kabla ya kura, vyombo vya habari vikiwa vimebanwa na sheria ya ukimya, inayozuia kampeni siku za mwisho kabla ya kura. Na kibaya zaidi, mwanasiasa akinaswa kweli, anajitetea tu: "Hiyo wametengeneza."