Maswali ya Wasomaji: Akaunti Moja, Masikio Matatu

SWALI: Kaka, mimi na mume wangu tunalipia akaunti moja ya muziki mtandaoni. Asubuhi natembea nusu saa kwenda kazini nikiwa na hedifoni, na jioni nusu saa kurudi. Katikati ya wimbo sauti inakatika, kumbe yeye nyumbani kafungulia spika ya sebuleni. Nikibonyeza tena, anakatikiwa yeye. Binti yetu wa miaka 14 naye sasa anaomba nywila. Mume wangu kanunua spika nzuri, anataka tuhamie kwenye huduma yenye sauti ya juu kabisa. Mimi bando linaniishia kabla ya mwezi kuisha. Tuchague ipi?
*Msikilizaji wa njiani*

JIBU: Dada, barua yako ina mambo mawili, na mume wako ameanza na la pili. Tuanze na la kwanza.

Katika huduma hizi, akaunti ya mtu mmoja kwa kawaida hupiga muziki kwenye kifaa kimoja tu kwa wakati. Unaweza kuiingiza kwenye simu tano ukitaka, lakini anayebonyeza wa mwisho ndiye anayesikiliza. Mkihamia huduma nyingine na kubaki na akaunti moja, mtakatiana muziki vilevile. Mnachohitaji ni kifurushi cha familia. Spotify na Apple Music wote wanacho, hadi watu sita, kila mtu na akaunti yake. Spotify wana pia Duo, cha watu wawili wanaokaa nyumba moja, lakini kwa kuwa binti keshaomba, hicho kitawabana mapema.

Na usimpe nywila yako, nakusihi. Mpwa wangu alikaa kwangu wiki tatu za likizo akitumia akaunti yangu. Alipoondoka, programu ilikuwa imeshaamini kwamba mimi ni mpenzi wa nyimbo za katuni. Ilinichukua miezi kuirudisha kwenye muziki wangu, maana mapendekezo hujengwa na nyimbo zinazosikilizwa kwenye akaunti hiyo. Orodha niliyokuwa nimeilea kwa miaka ilivurugika, na iliniuma.

Sasa sauti. Hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde, yaani taarifa za sauti zinazopita kila sekunde. Sahani ya CD hubeba kilobiti 1,411. Spotify ya kulipia kwa miaka mingi iliishia 320, na Septemba 2025 ikaanza kuwapa wateja wake sauti isiyopunguzwa, yaani iliyobanwa bila kutupwa chochote. Apple Music waliiweka Juni 2021 bila kuongeza malipo. Tidal na Qobuz wanayo pia, na wanapanda hadi juu ya kiwango cha CD. Kwa hiyo mume wako hana haja ya kuhamia popote kwa sababu ya sauti tu, kabla hajajibu swali moja: muziki unafikaje kwenye hiyo spika?

Kama simu inautuma kwa Bluetooth, muziki unabanwa upya njiani, hata kama ulitoka kwenye huduma ukiwa kamili. LDAC, mfumo wa Sony wa kubana sauti ambao ni kati ya njia pana za Bluetooth, inafika kilobiti 990 hali ikiwa nzuri, na hushuka mawimbi yakidhoofika. Kulipia zaidi sauti isiyopunguzwa halafu kuipitisha kwenye Bluetooth ya kawaida ni kununua maji safi na kuyamimina kwenye ndoo chafu. Lakini kama spika inaunganishwa na Wi-Fi, na inatambua Spotify Connect, Tidal Connect au mfumo mwingine wa aina hiyo, spika yenyewe huuvuta muziki kutoka mtandaoni. Simu inabaki kuwa rimoti tu. Hapo sauti inafika nzima, na simu ikiita muziki haukatiki. Basi achukue kijitabu kilichokuja na spika, asome imeandikwa majina ya huduma zipi. Jina lisilokuwepo pale, mlifikirie mara mbili kabla ya kulilipia.

Mimi nimejipima. Nilifumba macho, mke wangu akawa anabadilisha viwango bila kuniambia, nikiwa na hedifoni za waya. Kilobiti 96 nilizitambua haraka: matoazi yalikuwa yanachakarika, na makofi ya watu ukumbini yalisikika kama mvua kwenye bati. Kati ya 320 na sauti isiyopunguzwa, nilikuwa nabahatisha. Mume wako afanye jaribio hilohilo kwenye spika yake, na wewe uwe unabadilisha. Akitambua mara nane kati ya kumi, hoja yake ina uzito na mimi naiheshimu.

Njiani kwako ni hesabu nyingine kabisa. Muziki wa kilobiti 320 unakula megabaiti 144 kwa saa. Wewe una saa moja kwa siku. Ukienda kazini siku 22, ni zaidi ya gigabaiti 3. Apple wenyewe wanakadiria wimbo wa dakika tatu kuwa megabaiti 6 kwa kiwango chao cha kawaida, 36 ukiwa haujapunguzwa, na 145 kwa kiwango cha juu kabisa. Wimbo mmoja, dada! Huku barabarani magari yanapita na hedifoni zako huenda ni za Bluetooth.

Kwa hiyo usiku, simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, pakua nyimbo za kesho. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu. Kiwango cha Wi-Fi, cha data ya simu na cha kupakua huwekwa kila kimoja peke yake, na watu wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo. Zuia upakuaji kwa data ya simu, na kiwango cha data kiweke chini. Bando lako litapumua.

Kabla ya kulipa, kaeni wote watatu muandike nyimbo 20 ambazo hamuwezi kuishi bila hizo. Zitafuteni katika kila huduma mnayoifikiria. Nyingi hutoa muda wa majaribio. Msiishie kwenye jina, sikilizeni. Nilipoutafuta wimbo aliokuwa akiupenda marehemu baba yangu, niliukuta, jina lilelile na mwimbaji yuleyule, ila ulikuwa umerekodiwa upya miaka mingi baadaye. Gitaa alilokuwa akilifuatisha kwa mluzi halikuwemo. Kwa huduma nyingine niliukuta ule wenyewe, na huko ndiko ninakolipia hadi leo.

Mkiniuliza mimi, chukueni kifurushi cha familia cha huduma inayobeba nyimbo zenu 20 na inayotambuliwa na spika. Sauti isiyopunguzwa iwashwe sebuleni tu.

SWALI: Nimepakua nyimbo nyingi kwenye simu. Nikiacha kulipia, zitabaki? Kuna kama 30 ambazo sitaki kuzipoteza.
*Kijana mwenye hofu*

JIBU: Hazitabaki, mdogo wangu. Zimefungiwa ndani ya programu, na ufunguo ni malipo yako. Hata unapolipa, Spotify inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinafungwa. Na wimbo unaweza kuondoka wewe ukiwa bado unalipa: mwanamuziki Neil Young aliondoa kazi zake Spotify Januari 2022, zikarudi Machi 2024.

Hizo 30 zinunue, faili zikawe zako. Qobuz wanauza nyimbo mbali na usajili wao, na Bandcamp wanakuuzia faili unayoweza kuihifadhi popote. Ukishazinunua, YouTube Music inakuruhusu kupandisha nyimbo zako mwenyewe na kuzisikiliza humo. Ila nakala moja iweke nje ya simu, kwenye diski. Na leo hii, kabla hujaacha kulipa, andika majina ya hizo 30 kwenye karatasi.